Nilimuambia Ni Chakula Tu

Afoyo mutoto yangu,

Nilimukosea Mama Asimwe. Ninaweka hii mbele juu nikianza na salamu nitazungukazunguka, na unanijua, nikianza kuzunguka sifiki. Mukono yake ilivunjika juu ya kosa yangu. Kisha nilimudanganya. Kisha nilisimama ku tribunal, ku mahakama, na nilisema sikumbuki. Weye unajua ya kuvunjika tu, na ata ile unaijua namna nilikuambia miye, ni kusema hauijui.

Mambo ya safari mama yako alisha kukuambia yote. Mustikere ya kuzuia mbu, maji ya kuchemsha, kupiga simu ukifika Mambasa, kupiga tena ukifika Epulu. Sitarudilia. Kazi ya kuchoma shindano na kufunga vidonda, weye njo infirmière, muuguzi, sina kitu ya kukufundisha pale. Niko na hii tu. Kesho asubui nitaweka hii barua mu mufuko yako ya mukono, usome mu gari. Mbele ya macho yako sitaweza.

Siku ile balimuleta Mama Asimwe ku hospitali ulikuwa stagiaire pale, umetoka tu kupata diplome, unajifunza kazi. Ulirudi nyumbani na plâtre, ile chokaa ya kufungia mufupa, imekaukia ku blouse yako. Ulisema: «Baba, miye njo nilimushika wakati muganga anavuta mukono. Alikuwa ananiita bibi arusi, anacheka, na machozi inatoka.» Mama yako alikuwekea chakula. Kisha uliniuliza: «Baba, ilikuwa nini pale juu, alianguka namna gani?» Nilijibu: «Alipanda bila kuuliza mutu.» Ulisema «Ah, maskini Mama Asimwe», ukakula, ukaenda kulala. Nilingoja uulize tena. Haukuuliza. Mutoto anaamini baba yake, atauliza tena juu ya nini?

Unamujua Mama Asimwe sawa mama ya rafiki yako Asimwe, ile mama alikuwa anawapikia makayabo, ile samaki ya chumvi, wakati mulikuwa munasomea kwao. Miye ninamujua ku chantier, pale tunajenga na miye njo kapita, musimamizi ya kazi. Kisha bwana yake kufa alikuya kuomba kazi, nilimuambia hapa bamama banabeba maji na muchanga tu. Alisema: «Kapita, muchanga ina uzito gani? Nilizaa bana sita.» Alibeba. Alibeba kupita bavijana. Bamaçons, ni kusema bajengaji, balimupa jina Mama Camion. Akipita na karai ya beto, ile zege, ku kichwa, banalalamika: «Mama Camion, piga klaxon, utatukanyaga!» Anajibu bila kugeuka: «Klaxon nilimuazima bibi yako, anapigia weye kila siku ukirudi mulevi.» Chantier yote inacheka. Ata patron, ule mwenye kutuajiri, alikuwa anacheka, siku zenye alikuwa anakuya.

Sasa ile échafaudage, ni kusema ile miti na mbao tunapandia. Patron alikataza misumari. Mbao ilikuwa ya kutumika kisha ku plafond, ku dari ya nyumba yake, hakutaka matundu. Basi tulikuwa tunafunga miti na mipira, ile batu banakata mu chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu ya pikipiki. Bunia muzima inajenga vile, haiko kitu ya ajabu. Mupira ikifungwa muzuri inashika kupita musumari. Lakini nilikuwa nimemuomba patron mipira mupya, ile ya zamani ilianza kupasuka, na alisema: «Kapita, weye unapenda kula mipira?» Tukacheka. Tuliendelea na ile ya zamani, na haikubaki ata moja ya ziada.

Siku moja ya posho, mwisho ya juma, kisha kazi, nilipita ku soko kukununulia kantini. Ile kantini ya bluu, sanduku ya bati ya kuwekea nguo. Ulikuwa umepata diplome yako na nilitaka ukuwe na kitu yako yenye inafungwa na cadenas, na kufuli, sawa mutu mukubwa. Lakini nilikuwa na pikipiki na kitu ya kufungia kantini nyuma hakuna. Mbele ya kuenda soko nilikuwa nimesimama chini ya échafaudage, batu balisha kuenda. Nilifungua mupira moja. Ilikuwa kwa kona, pale mbao ya juu inalala. Nilisema mu roho: siku ya kwanza ya juma asubui nitairudisha mbele batu bafike.

Unakumbuka ulicheza ukiona ile kantini? Ulizunguka nayo mu lupango ya nyumba, na bana ya jirani nyuma yako.

Siku ya kwanza mvua ilipiga asubui, nilichelewa. Mupira ilibaki nyumbani, ku kantini. Sikukumbuka. Ninataka uamini hii, sikukumbuka, lakini ninajua kusema sikukumbuka haifanye kitu. Maçon mumoja juu aliita beto. Kijana ya kubeba alikuwa bado hajafika. Miye njo nilisema: «Mama Camion, panda, maçon anangoja.» Alisema: «Leo njo mumenipandisha grade?» Akapanda. Na karai ku kichwa.

Mbao ilichomoka upande ya kona. Sikuona akianguka, nilikuwa nimegeuka kuangalia muchanga. Nilisikia karai. Nilipogeuka, alikuwa amekaa chini, amekaa tu, beto ku uso, na anaangalia mukono yake ya kuume sawa ni kitu ya mutu mwingine. Mukono ilikuwa imekunjama pale mukono haikunjame.

Balimupandisha ku pikipiki katikati ya batu wawili. Miye niliinua macho ku kona. Pale mupira ilipaswa kuwa, mbao ilikuwa uchi. Pale njo nilikumbuka kantini yako. Na sikusikia kitu, Afoyo. Watu banasema moyo inapiga, magoti inakata. Miye hapana. Niliomba maji, nikanawa mikono, nikaambia bamaçons barudie kazi. Toka siku ile ni vile. Ata sasa ninaandika, nilifikiri nitalia, nilichagua kukaa nyuma ya jiko juu mama yako asinione. Hakuna kitu inatoka.

Patron alikuya saa sita. Aliuliza: «Nani alimupandisha?» Bamaçons baliniangalia. Nilisema: «Alipanda yeye mwenyewe. Bamama wanajua mwisho yabo ni chini.» Bamaçons bakarudilia mwiko zabo. Miye njo kapita, miye njo ninaandika nani atafanya kazi kesho.

Sasa ninafika ku ile yenye inaniuma kupita. Au yenye ingeniuma.

Ndugu za Mama Asimwe balikuwa banasema bataenda kushitaki. Patron alitaka mambo imalizike ku chef de quartier, mukubwa ya mutaa, arrangement, batu bakae, bakule pamoja, iishe. Weye unajua kwetu namna inakuwa. Mutu akikula na wewe mu sahani moja mbele ya chef, ameweka mambo chini. Hawezi tena kuamuka kesho kuenda ku tribunal, batu batamushangaa. Patron alileta kuku, bugali, sombe ya majani ya muhogo, na kreti ya jus. Aliahidi atalipa hospitali. Ya kisha, ya mukono yenye haitabeba tena, hakutaja. Alisema tu: «Tukule, siye ni famille.»

Mama Asimwe alikuwa amekaa pembeni yangu na plâtre yake. Chef alisema: «Mama, kula.» Alijibu: «Chef, nitakula namna gani? Ya kuume iko mu plâtre, na ya kushoto siwezi kuiingiza mu sahani ya batu.» Batu balicheka kidogo. Bibi ya chef alitaka kuleta kijiko. Patron alisema: «Kijiko ya nini? Kapita iko pale. Kapita, mulishe mama yako.»

Nilinawa. Nilikata bugali, nikaifinyanga, nikachovya mu sombe. Mbele ya kufungua kinywa, aliinama ku sikio yangu. Aliniuliza polepole, juu batu basisikie: «Kapita, nikikula hii, haitakuwa kusema nimemaliza?»

Nilimuambia: «Hapana, mama. Ni chakula tu.»

Alifungua kinywa. Nilimulisha. Alisema kwa sauti: «Usinipake sombe ku pua, miye haiko ukuta.» Batu bakacheka sana, chef akapiga mikono, na nilimulisha tena mupaka alisema ameshiba.

Ulipokuwa mutoto, ulipatwa na surua. Haukutaka kula na mukono ya mama yako wala ya shangazi. Yangu tu. Nilikuwa ninafinyanga bugali kidogokidogo, na ulikuwa unafungua kinywa macho yamefungwa. Mama Asimwe aliifungua vile vile. Mutu muzima. Njo kitu ninaona kila wakati nikikula. Siku hizi ninakula na kijiko, mama yako anafikiri ni meno.

Mukono iliponeshwa vibaya. Weye ulisema mbele ya wote kama bangemupeleka mapema kwa operasyon ingekuwa ingine. Haijinyooshe. Patron alilipa plâtre, kisha hakulipa tena, na Mama Asimwe alipoenda kumuuliza, muzamu, mulinzi ya mulango, alimuambia patron iko safari. Pale njo alienda ku tribunal. Avocat moja, mwanasheria ya kwenye paroisse, alimusaidia kuandika. Hakuomba mambo mingi. Operasyon, na kitu ya kuanzia biashara ya kukaa, juu ya kubeba haitawezekana tena.

Avocat ya patron alisimama na alisema maneno mbili. Ya kwanza, huyu mama alipanda bila kutumwa. Ya pili, alisha kukula. Alisema vile, «alisha kukula», na batu benye walikuwa nyuma walifanya «mmm». Mama Asimwe aliinuka, alisema: «Mheshimiwa, niliuliza mbele ya kukula. Niliuliza kapita. Aliniambia ni chakula tu.»

Juge, mwamuzi, alinigeukia. «Kapita, ulimuambia vile?»

Unajua, ilikuwa mwepesi. Ndiyo au hapana. Ata mutoto ya maternelle anaweza. Nilisema: «Mheshimiwa, siku mingi imepita. Sikumbuki.»

Mama Asimwe hakunitukana. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejitayarisha. Alikuwa anataka kukaa, na kitambaa yake ya kichwa ikaanguka. Aliiokota na mukono ya kushoto. Alijaribu kuifunga. Ya kuume haifike ku kichwa, inafika hapa ku sikio, inasimama. Alijaribu mbele yetu wote, juge, greffier mwenye kuandika, patron, na ile kitambaa inaanguka, anaanza tena. Asimwe alitoka nyuma ku benki, akakuya, akamufungia mama yake kitambaa polepole, akakaza fundo. Kisha aliniangalia. Alisema tu «Shikamoo, baba Afoyo», ile ya heshima yenye hatutumie sana hapa kwetu, na akaenda kukaa.

Uliniuliza mara ngapi juu ya nini Asimwe hapite tena hapa kwetu. Nilikuambia labda amepata muchumba. Ulienda kwao na hawakukufungulia, ulirudi unalia, unasema: «Baba, nimemufanya nini?» Haukumufanya kitu. Ni miye. Nilikuacha ulilie rafiki yako kama amekufa, na nilikuwa ninajua.

Kwa miezi mingi nilikuwa ninajisemesha ni juu ya masomo yako. Kama patron ananifukuza, nani atalipa? Ni bongo, uongo tu, Afoyo, usiibebe. Ulikuwa umesha kumaliza masomo. Nilikuwa ninaogopa kurudi maçon ya kawaida kisha kuwa kapita, kuitika «ndiyo» kwa vijana benye nilifundisha kushika mwiko. Ni ile tu. Hakuna kitu ingine chini yake, nimetafuta.

Kule unaenda utakuwa peke yako ku centre ya afya, infirmière na mugonjwa, usiku pengine hakuna muganga. Siku moja utakosa. Utachoma shindano ya mutu mwingine, ao utasahau mutoto ku kitanda ya pembeni. Sijui kitu ya udaktari, lakini ninajua namna hii inakwenda mbele. Siku ya kwanza, pale chini ya échafaudage, ilikuwa neno moja: «Miye njo nilitoa mupira.» Bangenitukana, Mama Asimwe mwenyewe angenitukana kupita wote, na angenisamehe mbele ya kufika hospitali, ninamujua. Kwa chef ilikuwa tayari maneno mingi. Sasa inaomba juge na avocat wawili na kiapo. Neno ni ile ile. Miye njo niliifanya ikuwe nzito. Kama inakufikia, sema mbele ya kunawa mikono. Sina ingine ya kukuambia, na ata ile sina haki ya kuisema.

Leo kisha misa nilimuambia mama yako. Alikuwa anachagua maharagi yako ya njia. Aliendelea kuchagua. Kisha muda, aliuliza: «Ulimulisha na mukono gani?» Nilimuonyesha. Aliangalia mukono, akarudia maharagi yake. Toka pale hajaniita jina.

Patron alinipigia simu magaribi, ulikuwa unaaga bajirani. Alisema: «Kapita, jeudi, siku ya ine, unakuya, unasema ile ile, na chantier ingine, ya kule Saio, ni yako, nyumba ya étage mbili.» Juge alisema jeudi njo mara ya mwisho ya kusikia bashahidi, kisha anafunga dosie. Nikinyamaza, Mama Asimwe ameshindwa, na mukono itabaki vile. Nilimuambia patron «ndiyo, patron», juu sikuwa na nguvu ya kusema ingine ku simu. Ile nayo ni deni.

Sasa hii. Kesho ukiamuka utaona kantini yako imefungwa na kamba mupya ya nailo. Utauliza mama yako. Ile cadenas iliharibika zamani, na toka pale tulikuwa tunaifungia na mupira, weye mwenyewe ulikuwa unaikaza na goti. Ni ile ile ya échafaudage. Haijatoka ku kantini toka nilipoileta. Nimeifungua leo, iko mu mufuko ya koti yangu, yenye nitavaa.

Usiache kantini, tafazali. Ni yako, nilikununulia na furaha ya kweli. Ni mupira tu haikuwa yako.

Kesho nikikusindikiza ku parking, usinikumbatie kama hautaki, utakuwa haujasoma bado, lakini labda mama yako atakuwa amesema. Gari ikiondoka, sitaenda ku kazi. Nitaenda kwa Mama Asimwe, nitasimama ku mulango, ata kama hawafungui nitasemea inje, juu asikie kutoka kwangu mbele asikie ku tribunal pamoja na batu.

Na siku ya ine, jeudi ya juma yenye inaanza kesho, asubui mbele tribunal ifunguliwe, nitakuwa pale. Bakinipa kiapo nitainua ile mukono ya kuume. Nitaweka mupira ku meza ya juge, na nitasema: miye njo niliifungua, miye njo nilimupandisha, na aliniuliza kama ni kumaliza, nilimuambia ni chakula tu. Patron anifukuze, juge anifunge kama anaweza kunifunga. Jeudi kisha saa sita, piga simu. Usinipigie miye. Pigia Asimwe, umuulize kama baba yako alisema.

Baba yako